Vigingi vya Safu D

Jumanne, 15 Oktoba 2024

Daftari jipya. La zamani liliishia Chang'ombe, na kurasa zake za mwisho ni kikohozi cha Mama, vumbi la karakana ya jirani, na mimi kuogopa usaili. Hili nalianzia Toangoma. Nyumba D3. Madirisha pande mbili, upepo unaingia huku unatokea kule. Ni nyumba ya wafanyakazi, kazi ikiisha na nyumba imeisha, lakini kwa sasa mlango tunaufunga wenyewe. Alhamdulillahi. Nitaliandika neno hilo kila nikikumbuka, maana nina tabia ya kusahau mazuri na kukariri ya kutisha.

La kutisha leo: bikoni.

Nijieleze vizuri. Hapa Kivulini, mradi wa kampuni yetu, ni nyumba arobaini na mbili. Maji ya mvua yanaingia kwenye tangi. Ya kuogea na kufulia yanapita kwenye bomba la chini mpaka bustani ya matete, yanachujwa, yanarudi kumwagilia. Na kila nyumba lazima ipande mti mbele, wa kivuli au wa matunda, vuli hii hii. Mimi ndiye karani wa miti. Fredrick, msimamizi wa mafundi, anacheka mpaka anashika tumbo: "Karani wa miti! Ikichelewa kazini unaiandikia barua?"

Leo kazi ilikuwa kuweka vigingi, kila mti upandwe wapi, mbali na bomba. Safu A, B, C, sawa. Safu D, bikoni ya pembeni haipo! Lile jiwe la zege la wapimaji, lenye namba, ambalo vipimo vya safu nzima vinaanzia hapo. Nimetafuta saa nzima. Nimelikuta kwa Mama Rogers, anayewapikia mafundi. Figa la tatu. Lina masizi mpaka kwenye namba, na juu yake maharage yanachemka. Akasema gari la mchanga lililing'oa kitambo, yeye kaliokota tu, jiwe zuri, halitikisiki.

Utaratibu naujua. Niripoti, mpimaji aje. Lakini mpimaji ni wiki nzima, na Bi Dilshad, mkurugenzi wetu, alitaka vigingi leo. Nikasubiri maharage yaipuliwe. Nikaliosha jiwe. Pembeni pale kulikuwa na shimo, likatosha. Nikashindilia kwa kisigino, nikapima kuanzia hapo.

Kuhamisha bikoni ni kosa la sheria. Nililijibu swali hilo hilo chuoni, nikapata alama zote.

Ila mimi sikuhamisha. Nimerudisha. Nimerudisha tu.

Mama Rogers analalamika chungu chake kimelala upande.

Alhamisi, 31 Oktoba 2024

Dada Lulu amejifungua! Msichana. Saa nne asubuhi, wote salama. Ataitwa Raudha. Shemeji yuko Mtwara kikazi, amelia kwenye simu mpaka mtandao ukakatika. Lulu atakaa kwetu na mtoto mpaka arobaini ipite. Mimi ni mjomba wa mtu!

Jumamosi, 9 Novemba 2024

Siku ya kupanda. Niandike kabla sijasahau hata kidogo.

Kitovu cha Raudha kilidondoka jana. Mama amekifunga kwenye kitambaa cheupe, akakiweka chini ya mto wake. Mche wa mnazi aliufuata mwenyewe kwao Mbwamaji wiki iliyopita, akaja nao umefungwa kanga kama mgonjwa. Tatizo: mnazi haumo kwenye orodha ya miti ya kampuni! Sikupata usingizi. Nikaandika barua ya kuomba kibali kwa niaba ya mama yangu, nikaipokea mwenyewe masjala, nikaigonga muhuri, nikaipeleka kwa Bi Dilshad. Akaisoma yote, mpaka kumbukumbu namba. "Talha, ungeniuliza tu mlangoni." Akaruhusu, mradi upandwe penye kigingi.

Fredrick ndiye aliyemchimbia Mama shimo. Mama anataka lifike gotini. Fredrick: "Mama, hapa tunapanda mti au tunachimba kisima?" Mama: "Chimba, mwanangu, huyu hazikwi mara mbili." Alipoona kitambaa akavua kofia. Akasema kwao Bukoba wao hufukia kwenye mgomba. Wakaanza kulinganisha, mnazi na mgomba, nani mama bora. Hawakumaliza.

Lulu alikaa mlangoni na mtoto. Mama akashusha kitambaa chini kabisa, akaweka udongo kidogo, akaweka mche juu yake. "Huu wako, Raudha. Ukianza kuzaa, dafu la kwanza la mjomba wako, amezidi kukonda."

Jirani yetu wa D4, Mzee Taqi, amepanda mkomamanga. Aliuza vitambaa maisha yake yote, na miaka thelathini ameishi ghorofa ya tatu, Upanga. Marehemu mkewe alikuwa anautaka mkomamanga. Waliupanda kwenye ndoo mara nne, ukafa mara nne. Leo ameushindilia kwa mikono, hakutaka jembe. Akabaki amechutama pale muda. Alipoinuka aliniambia asante. Mimi! Nimefanya nini mimi? Nimechomeka kijiti.

Nyumba saba za safu yetu, miti saba. Mafundi waling'oa vigingi kadiri walivyopanda. Nikampa Fredrick fomu, akasaini kwa fujo bila kusoma: miti imepandwa kwa mujibu wa ramani.

Alhamdulillahi kwa siku hii. Naliandika tena: alhamdulillahi.

Jumapili, 10 Novemba 2024

Imenyesha. Si kubwa, ya kulowesha tu. Nimetoka kuikagua miti saba na mwavuli. Yote imesimama. Mama Rogers kapita: "We Talha, unaipigia miti roll call?"

Alhamisi, 14 Novemba 2024

Ya Rabi.

Mafundi wamefukua D7 kurekebisha chemba. Bomba limetokea chini ya mwembe. Chini yake kabisa! Ukiingiza mkono unaligusa. Fredrick akapima. Akapima tena. Akaenda D6, akachimba kidogo pembeni ya mti — bomba. D5 — bomba.

Nilikuwa nimesimama pale na faili kifuani.

"Mizizi ikifika humu," Fredrick alisema, "safu nzima inaoga kinyesi cha sabuni." Watu walicheka. Akageuka: "Karani, ramani inasemaje?" Nikasema nitaangalia. Nikaenda chooni, nikakaa.

Lile shimo. Halikuwa shimo la bikoni.

Ijumaa, 15 Novemba 2024

Bi Dilshad ameweka fomu mezani. Saini ya Fredrick. Fredrick anaapa amefuata vigingi. Bi Dilshad anasema vigingi viko wapi? Vimeng'olewa. Fredrick anasema mie mafundi wangu si wapumbavu. Bi Dilshad, kwa sauti ileile ya chini: basi nieleze kwa maandishi.

Akanigeukia. "Talha, mwandikie barua ya kutakiwa kujieleza."

Nimeiandika. Aya tatu, hakuna kosa la herufi hata moja. "Unatakiwa kueleza kwa nini usichukuliwe hatua." Vidole vyangu vimeandika hivyo kumhusu mtu aliyemvulia kofia mpwa wangu.

Nilipompa aliipokea kwa mikono miwili. "Pole, mdogo wangu. Najua unatumwa tu."

Jumamosi, 16 Novemba 2024

Nikisema, nafukuzwa, na tunatoka nyumbani: Mama, Lulu, mtoto wa wiki mbili. Pengine na polisi juu. Nisiposema, anafukuzwa Fredrick. Nimeandika hivyo ili nione jinsi inavyoonekana kwenye karatasi. Inaonekana vibaya.

Mzee Taqi aliniita ukutani. Shikamoo, marahaba. Mkomamanga umetoa jani jipya, dogo, jekundu. Alinionyesha kama mtu anavyoonyesha picha ya mjukuu. Kisha akauliza kama ni kweli miti itahamishwa. Nikasema sijui.

"Yule mama wa kitalu aliyeniuzia mche kaniambia," akasema, "ukiutoa mapema, ndani ya hizi wiki mbili, tatu, hautajua hata kama umehama. Ukishajishika, basi tena." Ananitazama. "Nyie ofisini mnasubiri nini?"

Nyie ofisini. Nimemwandikia Bi Dilshad kwenye WhatsApp mara tano. Nimefuta mara tano. Mara ya sita nikatuma kwa bahati mbaya neno moja: "Samahani". Akajibu: "Ya?" Nikajibu: "Samahani nimekosea namba."

Mwoga mimi. Lakini wali wa nazi wa Mama leo ulikuwa mzuri, Raudha amelala kifuani kwangu tangu adhuhuri mpaka alasiri, na upepo ulikuwa unapita. Nashukuru. Ndiyo maana naogopa. Nina cha kupoteza.

Jumatatu, 18 Novemba 2024

Nimesema.

Asubuhi Fredrick alikuja kukabidhi funguo za stoo. Ameambiwa akae nyumbani mpaka mpimaji aje Alhamisi. Alinipa funguo moja moja, akinieleza ipi inagoma na ipi unaizungusha kinyume. "Na hii ya stoo ya mbolea, usiwape hao watoto wa mjini, wataivunjia kwenye kufuli." Akanigonga bega. Akaanza kuondoka.

Nikapita mbele yake. Sikupanga. Nikaingia kwa Bi Dilshad bila kubisha hodi, kitu ambacho sijawahi kufanya popote.

"Si Fredrick. Ni mimi. Bikoni ya safu D niliirudisha mwenyewe, nadhani si mahali pake."

"Uliirudisha kutoka wapi?"

"Jikoni kwa Mama Rogers."

"Jikoni?"

"Ilikuwa figa."

Alitazama dirishani. Sijui kama alikuwa anazuia kicheko au hasira. Halafu akanigeukia, na haikuwa kicheko.

"Ijumaa ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na ukaniletea ile barua nikasaini." Akatoa nakala kwenye faili, akailaza mezani baina yetu. "Bikoni ni ishu ya mpimaji, Talha, mpimaji ataitengeneza. Hii nani ataitengeneza?"

Niliisoma tena, aya zote tatu. Hakuna kosa la herufi hata moja.

Mlango ulikuwa wazi. Fredrick alikuwa bado nje. Alisikia yote.

Jumanne, 19 Novemba 2024

Fredrick amerudi kazini. Barua yake imefutwa kwa barua, nimeiandika mimi. Nyingine nimejiandikia mwenyewe, ya kutakiwa kujieleza, nikaipeleka ikasainiwa, nikajikabidhi. Uamuzi ni Jumatatu tarehe 25, Bi Dilshad na baba yake, Mzee Najmuddin, aliyeianzisha kampuni. Watu husema mzee ni mpole kwa miti kuliko kwa makarani.

Nilimsubiri Fredrick getini. "Kaka Fredrick, nisamehe." Akapita. Hakutukana, hakutema mate, hakusema karani wa miti. Alipita kama unavyopita kando ya ndoo.

Nyumbani sijasema. Lulu kauliza mbona sili.

Hata hivyo: nimepata usingizi. Wa kwanza tangu Alhamisi. Nashukuru kwa huo.

Alhamisi, 21 Novemba 2024

Mpimaji amekuja na mashine yake ya miguu mitatu. Nimekosea kwa mita moja na nusu kasoro kidogo. Shimo nililolitumia lilikuwa la nguzo ya geti la zamani la mafundi. Alilichungulia akasikitika: "Hata uliposhindilia ulishindilia vizuri." Bikoni sasa iko mahali pake, imezungushiwa zege bichi. Mama Rogers alikuja kuiaga. Kweli! Alisimama akasema, "Haya, mwenzangu."

Kuhusu polisi mpimaji hakusema kitu. Aliandika kwenye daftari lake muda mrefu.

Bi Dilshad ameamua: miti yote saba ihamishwe kabla ya Jumatatu, udongo ungali na maji. Nikaomba kitu. Nikaomba nikawaambie wenye nyumba mwenyewe, mlango kwa mlango. Akanitazama, akasema nenda.

D1 walinipa chai. D2 hawakuelewa, nikaeleza mara tatu, na kila mara kosa lilizidi kuwa langu. D5 baba mwenye nyumba: "Umesoma miaka yote hiyo kuja kupimia figa?" Nikasema ndiyo. D6 mama alicheka mpaka akakaa chini, akawaita wanawe waje wasikie. D7 wamesema sawa.

D4, Mzee Taqi aliniacha mlangoni. Akaenda akasimama mbele ya mkomamanga wake, mgongo kwangu. Nilitaka anitukane. Mwishowe akasema, "Siku hiyo utashika wewe udongo wa chini. Mimi nitashika shina. Usiuachie hata kidogo." Nikasema sitauachia. Akasema, "Majani yamekuwa matatu."

Nikabakiwa na D3. Kwetu.

Mama alikuwa anachambua mchele. Nikamweleza yote, hata barua ya Fredrick, hata Jumatatu. Hakuuliza kuhusu kazi. Hakuuliza kuhusu nyumba. "Kwa hiyo nikifukue," alisema. Akaweka ungo chini, akaingia ndani, akafunga mlango polepole. Ningependa aubamize.

Ijumaa, 22 Novemba 2024

Mama hasemi nami. Chakula changu nakikuta kimefunikwa.

Jumamosi, 23 Novemba 2024

Miti sita itahamishwa kesho asubuhi. Wa saba sijui.

Baada ya alasiri Mama alimpigia simu Mamkubwa, dada yake wa Mbwamaji, mkubwa wao wote. Kwa kipaza sauti, maana sikio moja la Mama halisikii vizuri. Nilikuwa nafua nyuma ya nyumba, sikuondoka.

Mama alieleza. Alinitaja kama "huyu mtoto wako". Mamkubwa akauliza ni jiwe gani. Akauliza tena. Akacheka kwa kukohoa, kisha akakasirika: figa la watu mtu analing'oa chungu kikiwa bado cha moto? Kisha wakazungumza chini. Nilisikia vipande. Kwamba mnazi wa Mama mwenyewe ulikatwa barabara ilipopanuliwa, na kitovu chake sasa kiko chini ya lami, magari ya kokoto yanapita. Hakuna aliyewauliza. Hakuna aliyekuja mlangoni. Mama akasema, "Huyu amekuja mlangoni, ndiyo." Akasema hivyo kwa uchovu.

Mamkubwa akatoa masharti. Kitambaa kisionekane. Mnazi utoke na udongo wake wote, chini na pembeni, usimwagike. Mtoto mwenyewe awepo. Na asichimbe mtu mwingine — achimbe aliyekosea.

Mama akatoka nje. Akasimama mbele ya beseni la nguo. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Hizo shati unazikamua vibaya."

Siku mbili bila neno, na neno la kwanza ni hilo! Nilikamua huku nacheka na macho yamejaa. Alhamdulillahi kwa mama niliyepewa.

Jumapili, 24 Novemba 2024

Naandika kibarazani, dakika chache, mikono ina udongo na karatasi inachafuka.

Sita tayari. Tulianzia D7 saa kumi na mbili na nusu. Mafundi wachache wamekuja, siku yao ya mapumziko. Fredrick yupo. Anaongoza, anapima, anapiga kelele, anacheka na kila mtu. Nikiuliza swali anamjibu fundi aliye karibu yangu.

Mkomamanga umehama. Nilishika udongo wa chini kwa mikono yote miwili, Mzee Taqi shina, hatua mbili zikawa kama kutoka hapa mpaka Mbagala. Hakikudondoka kitu. Majani matatu yote yapo. Mzee alinishika mkono, udongo kwa udongo, akaenda ndani. Sasa ametoka na kiti, amekiweka kwenye mpaka wetu, anatazama huku.

Huku kwetu nimechimba tangu saa tatu. Mwenyewe. Kuzunguka mnazi, mbali, kisha chini, chini zaidi ya goti, kwa mwiko wa fundi na kwa vidole ilipobidi. Sijaona kitambaa. Nimepitisha turubai chini yake kidogo kidogo, pande zote nne zimetoka. Shimo jipya liko tayari, mahali pa kigingi cha kweli. Mama alinizuia: pumzika kwanza, unywe maji, usibebe ukiwa unatetemeka. Natetemeka kweli. Ndiyo maana naandika.

Lulu amekaa mlangoni. Raudha yuko macho, anapiga miayo. D6 wote wamehamia ukutani kwetu kama uwanja wa mpira. Mama Rogers kaleta uji, kasema asiyefanya kazi asiombe.

Gari la Bi Dilshad limeingia getini sasa hivi. Ameteremka na mzee mwenye kofia nyeupe, anatembea kwa mkongojo, anasimama kwenye kila mti. Atakuwa Mzee Najmuddin. Mbona leo? Ilikuwa kesho. Wako D1. Ameinama anagusa udongo. Anauliza kitu, Bi Dilshad anaonyesha huku.

Mama anamfunika mtoto vizuri. Amesimama kando ya shimo, viatu amevua.

Turubai lina ncha nne. Fundi mmoja ameshika, wa pili ameshika. Fredrick ameshika ya tatu. Amenitazama — mimi, siyo aliye karibu yangu.

"We karani, weka kalamu chini! Huku kwangu kunaelemea, hii pembe haina mtu."